Kwaya Yenye Sare na Wimbo wa Kumi wa Mzee

Nina stashahada ya uhandisi wa sauti kutoka chuo kimoja cha Maryland, Marekani, na sioni sababu ya kuificha. Imo kwenye fremu ya kioo katika studio yangu hapa Bukoba, ukutani upande wa kushoto unapoingia, mahali ambapo mteja hawezi kukwepa kuiona. Sikupewa na mjomba. Miaka minne nilisafisha ofisi alfajiri huko Fairfax, jimbo jirani la Virginia, nikavuka mto kwa treni kwenda darasani, na jioni nikapanga magari kwenye maegesho ya hoteli. Watu wa kwetu tunajulikana kwa kuitangaza elimu yetu, na wenzetu wa mikoa mingine wanatuita nshomile kwa kututania. Mimi sikasiriki. Mtu aliyesoma kwa shida namna ile akinyamaza, watu watadhani alikwenda kutalii.

Pembeni ya stashahada nimetundika jalada la albamu ya mzee mmoja mpiga blues. Wateja wangu wengi ni kwaya na vijana wa Bongo Fleva, na karibu wote huuliza kama kweli niliifanya mimi. Huwa nawajibu kwamba ndiyo, sehemu kubwa. Hapa nitaeleza na ile sehemu nyingine, kwa sababu shemeji yangu, mke wa kaka yangu mkubwa, husoma kila ninachoandika, na hatanipa amani nikiiruka.

Studio niliyoajiriwa ilikuwa chini ya nyumba ya mbao huko Riverdale Park, jirani kabisa na reli. Mwenye studio alikuwa mama wa Kimarekani, mtu wa maneno machache, ambaye alinichukua wiki ileile niliyohitimu. Alikuwa na sheria moja kubwa: treni ya mizigo ikipita, kila mtu ananyamaza na kusubiri, hata kama ndiyo kwanza umepata pumzi ya kuimba. Mabehewa yale yalikuwa marefu kama hotuba ya mgeni rasmi. Wanamuziki wengine walinuna. Mzee wa blues aliyahesabu kwa vidole kwenye mti wa gitaa, na treni ikiisha anatangaza idadi kama mtu aliyetumwa na shirika la reli.

Alikuwa na miaka themanini na moja. Mrefu, amevaa suti hata huko chini ambako hakuna dirisha, viatu vinang'aa. Blues, kwa wasioijua, ni muziki wa Wamarekani weusi wa kulalamika kwa gitaa, na ukiusikiliza vizuri una utani mwingi kuliko kilio. Yeye aliuimba tangu ujana wake Washington mjini, kwenye vilabu ambavyo sasa ni maduka ya kahawa. Siku ya kwanza nilimweleza, bila kuulizwa, jinsi maikrofoni iliyokuwa mbele yake inavyofanya kazi. Nilieleza vizuri, kwa kama dakika kumi. Alisikiliza kwa adabu hadi mwisho, kisha akasema aina ile ya maikrofoni alianza kuimbia kabla baba yangu hajaoa. Tangu siku hiyo akaniita Profesa. Nilichukulia kama heshima, na bado nachukulia hivyo.

Ni shemeji aliyemleta kwetu. Shemeji anaishi Columbia, mji wa hukohuko Maryland, na kazi yake ni kutunza wazee majumbani mwao, na mzee huyu, aliyekuwa akiishi peke yake dakika tano kutoka studio, alikuwa wa kwake wa asubuhi. Mzee alipomwambia anatafuta mahali pa kurekodi, alimjibu kwamba ana shemeji yake amesomea mambo hayo. "Amesoma sana," alimwambia, "wala huna haja ya kumuuliza, atakwambia mwenyewe."

Nyimbo tisa tuliziweka vizuri kabisa. Ilipobaki ya kumi, mzee akaja na habari ya hospitali. Kooni, kwenye nyuzi za sauti, palikuwa na uvimbe, na ulikuwa utolewe Jumanne moja, wiki nne mbele. Daktari alikuwa mkweli kwake: kuongea huenda akaongea, ila kuimba asikuhesabu tena. Na mpaka siku hiyo asiimbe zaidi ya saa moja kwa siku. Mzee alituambia haya huku anatafuna senene wangu wa kukaanga, ambao nilimwonjesha siku moja nikitegemea atakimbia, akaishia kuniomba kopo zima. Nilikuwa nikifuta miguu ya senene kwenye gitaa lake kila jioni.

Wimbo wa kumi aliutaka kuliko yote tisa. Ulihusu nyumba aliyozaliwa, mtaa mmoja wa Washington mjini. Nyumba ilibomolewa, pakajengwa magorofa ya vioo, na yeye bado alikuwa na ufunguo. Maneno yake yalikuwa machache: ufunguo ninao, mlango haupo; nimepita asubuhi, nimepita jioni, mlinzi ananiuliza namtafuta nani. Alisema wimbo huo hauimbwi na mtu mmoja, unahitaji watu wa kujibu. Zamani walimjibu dada zake na shangazi zake wakiwa wamekaa kwenye ngazi za nyumba ile. Wote wamekufa. Ila siku hizi asubuhi, akiupiga mezani jikoni kwake, huyu mwanamke anayeosha vyombo humjibu bila kujijua. Akamwonyesha kwa kidevu shemeji, aliyekuwa amemsindikiza studio siku hiyo.

Shemeji aliona aibu. Ni kweli, alisema, anaposikia mtu analalamika mkono hauachi sufuria lakini mdomo unasema wenyewe.

"Niletee wanawake watano au sita kama huyu," mzee akaniambia. "Hilo tu, Profesa."

Sasa, mtu mwenye stashahada haambiwi alete wanawake watano akaleta wanawake watano. Nilifikiria jambo hilo kitaalamu. Columbia kulikuwa na kwaya ya Kiswahili iliyoimba Jumapili mchana katika kanisa la kuazima: Watanzania wengi, Wakenya kadhaa, na mama mmoja Mkongo mwenye sauti nzito iliyotikisa vioo. Wauguzi, watunza wazee, watu wa ofisini, madereva wawili. Jumla ishirini na wawili. Nikaenda kuwaomba wote.

Walikubali mara moja, na kwa kuwa ni kwaya ya Watanzania, wakaitisha kikao. Ajenda ya kwanza ilikuwa sare. Nikanyoosha mkono nikawaeleza kwamba kurekodi albamu ni sauti tupu, hakuna kamera, hakuna mtu duniani atakayewaona wamevaa nini.

"Sasa si sisi wenyewe tutajiona?" akauliza dada mmoja Mkenya wa sauti ya pili.

Kikao kikapiga makofi. Katibu akaandika. Kitenge kikachaguliwa cha zambarau chenye maua ya njano, na kilikuwa hakipatikani Maryland yote, kwa hiyo kikaagizwa kwa mtu aliyekuwa anasafiri kutoka Dar es Salaam. Kilipofika kikapelekwa kwa fundi Virginia, aliyekosea mikono ya blauzi za wanawake wote wa sauti ya kwanza. Wiki mbili kati ya nne zikaishia kwenye cherehani. Shemeji, ambaye naye ni wa sauti ya kwanza, aliniambia kwamba asubuhi mzee humuuliza wale watu wanakuja lini, na yeye hana lugha ya kumweleza mzee wa Kimarekani kwamba wanasubiri mikono.

Wiki hizo sikukaa bure. Mwalimu wa kwaya, muuguzi mpole aliyetembea na uma wa sauti, kile chuma cha kugonga ili kupata noti, kwenye mfuko wa shati pamoja na kalamu zake za hospitali, hakuwahi kufundisha wimbo ambao haujaandikwa kwa solfa, yaani zile herufi za do, re, mi, na vistari vya kutenga vipimo. Nilimpelekea wimbo wa mzee niliourekodi kwa simu jikoni kwake. Tukakaa sebuleni kwa mwalimu Jumamosi nzima tukiuandika.

Ulikataa kuandikika. Vitabu vyetu vya chuo vilisema ubeti wa blues una vipimo kumi na viwili. Wa mzee ubeti wa kwanza ulikuwa na kumi na tatu na nusu, wa pili kumi na moja, wa tatu tulibishana. Halafu kulikuwa na noti moja iliyorudi kila mara ambayo haikuwa mi na haikuwa ile iliyo chini yake. Ilikaa katikati kama mtu aliyesimama mlangoni, haingii wala haondoki. Mwalimu aligonga uma wake gotini mara kadhaa, akauweka sikioni, akatikisa kichwa.

"Huyu baba hajui kuhesabu," akasema kwa huruma.

Nikasema ni uzee. Naandika hili kwa mkono wangu mwenyewe ili shemeji asije akaliandika yeye. Nilisema ni uzee, na tukamsaidia: beti zote tukazinyoosha zikawa na vipimo kumi na viwili, na ile noti ya mlangoni tukaiingiza ndani ikawa mi kamili. Tukapanga sauti nne. Kwa kweli, karatasi ile ilipendeza. Nikaipiga chapa nakala ishirini na mbili, nikampelekea mzee na yake.

Aliishika mbali na macho, kisha karibu. Akauliza hiyo ni lugha gani. Nikamweleza solfa, na nikamweleza kwa upole kuhusu vipimo vyake.

"Umeupiga pasi," akasema. "Haya. Nitajaribu kuuvaa."

Tulikubaliana Jumamosi, siku tatu kabla ya hospitali. Kwaya ilikuja na magari saba. Walishuka ngazi mmoja mmoja kwa zambarau na njano, na mwenye studio alisimama chini akiwahesabu midomo ikicheza bila sauti. Masufuria ya pilau na kachumbari yakabaki juu barazani. Chini tukabanana kama njugu ndani ya ganda. Kisha mwenyekiti wa kwaya akaomba utaratibu ufuatwe. Tukasali. Mwenyekiti akatoa neno la shukrani. Halafu, kama ilivyo desturi mbele ya mwenyeji, kila mwanakwaya akasimama kujitambulisha, jina, anakotoka nyumbani na sauti anayoimba, na wengine wakaongeza salamu kutoka kwa waliobaki. Mzee alivua kofia kuanzia wa kwanza hadi wa ishirini na mbili. Kisha akasimama naye akajitambulisha, akataja mtaa wake, na akasema anaimba sauti iliyobaki. Kwaya ilimpenda papo hapo.

Nami nilikuwa tayari. Ili mzee asitoke nje ya vipimo kumi na viwili, nilimwekea kwenye spika za masikioni kipima mapigo, kile kidude kinachogonga ko, ko, ko, na kwaya nayo ikapata mapigo hayohayo. Nikawasha taa nyekundu ya kurekodi. Shemeji, aliyekuwa ameombewa ruhusa ya kutoimba ili amwangalie mgonjwa wake, alikaa kwenye kiti karibu na mlango na saa yake ya mkononi. Saa moja ya daktari ikaanza kuhesabiwa.

Mara ya kwanza mzee alifika mwisho wa ubeti, akangoja kidogo kama kawaida yake kabla ya kusema mlango haupo, na kwaya ikaingia juu yake kwa sauti nne, safi, kwa mi kamili, ikamfunika. Mara ya pili alijitahidi kuwahi, akawahi mno. Mara ya tatu alipotea katikati, akacheka. Mara ya nne treni ilipita na tukasubiri mabehewa, na mzee hakuyahesabu. Mara ya tano kwaya iliimba bila kosa lolote, mwalimu akafumba macho kwa furaha, na mzee alikuwa ameacha kuimba tangu ubeti wa pili. Alikaa tu, anafuta gitaa kwa kitambaa. Alipojaribu kusema kitu, sauti ilitoka kama mlango wenye kutu.

Shemeji akaingia kwenye chumba changu cha mitambo, akafunga mlango.

"Shemeji, hicho kinachogonga masikioni mwa mzee ni nini?"

"Ni cha kumsaidia asipotee."

"Amepotea lini? Nyumba ni yake, anayoyasimulia ni yake. Mliopotea ni ninyi wasomi wawili, wewe na mwalimu."

Nikamwambia kwamba kitaalamu wimbo ule ulikuwa na matatizo ya vipimo. Akasema yeye hana utaalamu, ana saa, na saa inasema imebaki robo. "Na mzee huyu," akasema, "Jumanne nitamvisha lile gauni la hospitali kwa mikono yangu. Nataka aende amemaliza." Mwenye studio, ambaye hakujua Kiswahili hata kidogo, alinitazama akapunguza sauti ya kidude mpaka mwisho. Nilikizima kabisa. Niliona kwamba nilikuwa nimekosea, na sikuhitaji kuambiwa mara ya pili. Mtu aliyesoma hujua kusoma na uso.

Shemeji akaingia kwa wanakwaya, akapita akikusanya karatasi za solfa kama msimamizi wa mtihani. Wanaume aliwaambia pilau iko juu peke yake na mtaa hawaujui. Walipanda bila kubisha. Mwalimu alibaki amesimama na uma mkononi, na hapo shemeji alishusha sauti, akamwomba kwa heshima zote awasindikize kwa kukaa. Akakaa.

Kisha akawageukia wanawake.

"Huyu baba amefiwa na nyumba," akasema. "Nani hapa amewahi kwenda msibani na karatasi?"

Dada Mkenya wa sauti ya pili ndiye aliyeanza: akavua viatu, akajikunja na sare yake mpya, akakaa kwenye zulia karibu na kiti cha mzee. Wengine wakafuata, wakamzunguka, mmoja akamwekea mkono kwenye ukingo wa kiti. Wakawa kumi na wawili, wamekaa kama wanavyokaa wanawake wa kwetu kwenye mkeka wa msiba, bega kwa bega, bila mpango wa sauti ya kwanza wala ya pili. Mimi niliingia na kushusha maikrofoni tatu usawa wa vichwa vyao, nikageuza moja isichukue feni, nikaisogeza nyuma kidogo ile ya mzee, yote kwa muda ambao wengine wangekuwa bado wanatafuta waya. Hili naomba lihesabiwe. Shemeji akainama akamwambia mzee kwa Kiingereza: waambie kilichoipata nyumba, hawa watakusikiliza.

Mzee akaanza. Aliimba chini, karibu kuongea. Ufunguo ninao. Akangoja, na safari hii hakuna aliyemrukia. Mtu mmoja akasema, "Ehe." Mlango haupo. "Woi," akasema dada Mkenya. "Pole, baba," wakasema wawili watatu, si kwa pamoja, mmoja nyuma ya mwingine, na pole ya mwisho ikaangukia palepale kwenye ile noti ya mlangoni ambayo mimi na mwalimu tuliifukuza. Hawakuitafuta. Ndiyo noti ambayo mtu husemea pole, na nimekuwa nikiisikia tangu nikiwa mtoto bila kujua kwamba nayo ni noti.

Akasimulia jinsi anavyopita asubuhi. "Mh." Jinsi anavyopita jioni. "Mh-mh." Mlinzi anapomuuliza anamtafuta nani, mama mmoja wa makamo akapiga ulimi kwa hasira juu ya mlinzi yule, na mzee akasikia, gitaa likacheka kidogo, ubeti ukaenda vipimo kumi na vitano na hakuna aliyepotea. Alikuwa haelewi hata neno moja walilosema, wao walielewa nusu ya aliyosema yeye, lakini alijua kila pole ilikuwa ya nini. Karibu na mwisho, alipokaa kimya kupumua, mama Mkongo akauliza kwa ile sauti yake nzito, polepole, kama anayeuliza jirani: "Na ulitoka na nini, papa?"

Mzee alifumba macho. Alipiga gitaa peke yake kwa muda mrefu, akarudia ufunguo mara moja zaidi, akaacha.

Niliacha mashine izunguke. Mwishowe mwalimu akakohoa, akasema kwamba yote ni mazuri ila sauti ya pili imechelewa kuingia. Wanawake waliangua kicheko, mzee akataka kutafsiriwa, akatafsiriwa, akacheka mpaka akashika koo, na shemeji akafunga gitaa kwenye kasha kwa mkono wake. Saa ya daktari ilikuwa imekwisha dakika mbili kabla. Juu, wanaume walikuwa wamelinda pilau kwa kuila. Sare zilipigwa picha barazani kwa saa nzima, na mzee katikati, amevaa kofia yake, mdomo umefungwa kwa amri ya shemeji, anapunga mkono kama waziri.

Upasuaji ulikwenda vizuri, kwa maana ya hospitali. Uvimbe ulitoka wote. Sauti haikurudi. Kilichobaki ni mnong'ono wa kuombea maji, na hata huo daktari alisema autumie kidogo, kwa hiyo shemeji akamnunulia kibao cheupe cha kuandikia na kufuta. Wiki ya tatu nilimwendea nyumbani na albamu nzima. Mafundi wa kule wana desturi: spika nzuri za studio hudanganya, ukitaka kujua kama kazi imeiva uisikilize ndani ya gari, kama watakavyoisikiliza watu. Nilikuwa na Toyota yangu, niliyoinunua kwa jasho langu, na tukaendesha barabara kuu ya kaskazini, mzee amejifunga skafu, kibao magotini.

Alikuwa mkali. Wimbo wa pili aliandika: gitaa juu. Wa tano: ondoa mwangwi, siimbi pangoni. Wa saba aliandika kitu kuhusu kazi yangu ambacho alikifuta kabla sijamaliza kukisoma. Nilikariri yote, na kesho yake niliyarekebisha yote, kwa kuwa alikuwa sahihi kwa karibu yote.

Wimbo wa kumi ulipoanza, aliweka kalamu chini. Nilitazama barabara. Sikutaka kumwona mtu anasikiliza sauti yake ambayo hana tena. Ilipofika ile sehemu ya kimya na swali la mama Mkongo, alinigusa mkono, akaandika: anauliza nini?

Hapo ndipo nilipotambua kwamba hakuna aliyemwambia. Nikamtafsiria: anauliza ulitoka na nini siku ile mlipoiacha nyumba.

Wimbo ukaisha. Tulikuwa kwenye taa nyekundu. Aliandika, akafuta, akaandika tena, taa ikawa ya kijani na magari ya nyuma yakaanza kupiga honi, naye hakuharakishwa na honi wala na mimi. Alipogeuza kibao kulikuwa na maneno machache. Nilitoka na mama. Mgongoni. Alikataa kutoka kwa miguu yake.

Chini yake akaongeza: mwambie.

Jumapili nilikwenda Columbia. Ibada ilipokwisha nilimvuta mama Mkongo kando, nikampa jibu la mzee kama lilivyo. Alitua mkoba wake kwenye benchi.

"Pole yake," akasema. "Na ule mama, kule kwingine walikohamia, alikubali kulala?"

Nikasema sijui. Aliniangalia kama mtu aliyetumwa sokoni akarudi na nusu ya vitu, na wanawake wengine wawili wa zambarau waliokuwa wamesogea kusikiliza wakaniangalia vilevile. Stashahada yangu haikunisaidia kitu. Jumatatu asubuhi, kabla ya kufungua studio, nikapita kwa mzee na swali lao. Shemeji alikuwa jikoni, maji yanatiririka. Mzee alivuta kiti kwa ajili yangu, akachukua kalamu, akaanza kuandika, na aliandika mpaka kibao kikajaa, akakifuta kwa mkono wa shati, akaendelea.